Nikifungwa tu ule mpira nazimia, nitachangiaje damu?

*"Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa miaka 27, kilo 64, niko Morogoro, group langu O pozitivu. Mwezi wa tatu dada yangu alijifungua kwa oparesheni akapoteza damu nyingi, ndugu tukaambiwa tuje tuchangie. Nilienda mwenyewe bila kulazimishwa, nikajaza fomu, nikatobolewa kidole fresh tu, ila nilipokaa kwenye kile kiti wakanifunga ule mpira kwenye mkono nikaanza kusikia joto, masikio yanavuma, kuja kuzinduka niko chini watu wamenizunguka. Sindano yenyewe hata haijanigusa! Shemeji ndo akatoa. Dada na mtoto wazima namshukuru Mungu, lakini mimi nyumbani nimekuwa kichekesho. Mama anasema nina damu nyepesi, kaka anasema ni uoga tu nijikaze. Nataka nichangie kweli ila naogopa yasijirudie. Kuna jamaa kanambia ile sindano ni nene kama spoku ya baiskeli, ni kweli? Kuna dawa ya ganzi? Nikipiga Konyagi kidogo kabla ya kwenda itasaidia? Na nasikia ukishachangia mara moja mwili unazoea, usipoendelea damu inajaa unaanza kuumwa kichwa. Naomba unisaidie dada."*

Marahaba mdogo wangu. Mimi ni nesi, nimekaa kwenye timu za kuchangisha damu miaka mingi, kwenye vituo na kwenye maturubai, na waliozimia mikononi kwangu siwezi kuwahesabu, kwa hiyo stori yako naijua mwanzo mpaka mwisho, hata hapo kwenye "sindano haijanigusa" napajua. Ngoja nikujibu taratibu maana umeuliza mengi kwa mpigo.

Nianze na lile ambalo hujaliuliza ila nimelisoma katikati ya mistari, kwamba unajiona ulimwangusha dada yako. Hukumwangusha. Damu ikitoka kwako haiendi moja kwa moja kwa mgonjwa, kwanza inaenda maabara ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende, ipimwe group, ndo iruhusiwe, na hayo yanakula muda. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hana muda huo. Kwa hiyo mara nyingi damu inayomwokoa mtu kama dada yako ilishakuwa kwenye friji tayari, imetolewa wiki kadhaa nyuma na mtu ambaye hamjui, labda mwanafunzi wa chuo, labda muuza nyanya, na ndugu mkiitwa mnaenda kurudishia ili friji lisibaki tupu kwa anayefuata. Shemeji alirudishia, kazi ikaisha. Wewe deni lako kama unaliona lipo, unaweza kulilipa hata mwezi wa kumi na mbili, na tena itakuwa vizuri zaidi, maana shule zikifunga damu inapungua sana, wachangiaji wetu wengi ni wanafunzi.

Haya, sasa huo unaoitwa uoga. Mtu akikutana na nyoka njiani moyo unaenda mbio, presha inapanda, miguu inapata nguvu za ajabu anakimbia. Hazimii. Angekuwa anazimia mbele ya nyoka tusingekuwa na babu zetu. Ila uoga wa sindano na damu una tabia yake tofauti kabisa na uoga mwingine, unakuja kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza ni kama ya nyoka, moyo unadunda, presha juu. Halafu ghafla mambo yanageuka. Kuna mshipa wa fahamu unaitwa vagasi, unatoka kwenye ubongo unashuka shingoni unaenda kwenye moyo mpaka tumboni, kazi yake mojawapo ni kuupunguza moyo kasi. Kwa watu kama wewe huo mshipa ukiona mpira na trei ya sindano unakanyaga breki kwa nguvu zote, moyo unapungua mwendo, mishipa ya damu ya miguuni inalegea inatanuka, damu inashuka chini kama maji kwenye mpira wa bustani, kichwani inabaki kidogo. Hapo ndo unasikia joto, kijasho chembamba, masikio yanavuma, kichefuchefu, macho yanaingia giza kuanzia pembeni. Ukianguka kichwa kinakuwa usawa mmoja na moyo, damu inarudi, unazinduka. Yaani kule kuanguka ndo dawa yenyewe ambayo mwili umejitibu nayo, tatizo ni sakafu tu.

Ndo maana huwa nakasirika nikiona watu wamemuwahi mtu aliyezimia wanamnyanyua wamkalishe kwenye kiti wampepee. Mwache alale, mnyanyue miguu, dakika moja mbili anarudi. Na ukimwona anarusharusha mikono sekunde chache usitangaze kifafa, ubongo umekosa damu kidogo tu unashtuka.

Kwa hiyo hilo la mama la damu nyepesi, mwambie kwa heshima zote kwamba kile kidole ulichotobolewa ndo kilikuwa kipimo cha damu nyepesi, na ulipita. Vituo vingine wana kamashine kadogo, vingine bado wanatumia maji ya mrututu, yale ya bluu, tone lako linadondoshwa mle, likizama haraka damu inatosha, likielea unarudishwa nyumbani ukale vizuri. Kiwango tunachotaka cha himoglobini, ile inayoifanya damu iwe nyekundu na kubeba hewa, ni gramu 12.5 kwa desilita na kuendelea. Damu yako ni nzito ya kutosha, shida yako iko kwenye nyaya sio kwenye damu. Na nyaya hizi zinarithiwa. Katika kila watu mia, watatu au wanne wana uoga huu wa sindano na damu kwa kiwango kikubwa, na ukichunguza familia zao mara nyingi unakuta mwingine. Hebu muulize mama, taratibu tu, nani mwingine kwenye ukoo aliwahi kuanguka hospitali. Usishangae ukisikia ni yeye mwenyewe kliniki na mimba yako.

Sasa twende kwa kaka anayesema jikaze. Hapa nakuomba unisikilize vizuri maana ndo kiini cha jibu langu, kaka yako amepatia bila kujua. Yeye alimaanisha kuwa mwanaume, vumilia. Mimi namaanisha jikaze misuli, kwa maana ya neno lenyewe.

Nikwambie nilivyojifunza. Miaka ya mwanzo kazini nilikuwa nikimwona mtu anatetemeka namwambia maneno yaleyale ambayo kila nesi anayasema, legeza mwili, vuta pumzi ndefu, vuta tena, funga macho fikiria uko beach. Siku moja tuko kwenye shule ya sekondari, akaja binti wa form six, vidole vya baridi, midomo imekauka, nikampa somo langu lote la kulegea na akalifuata kama mwanafunzi mzuri. Akatoa damu mpaka mfuko ukajaa. Nikajipongeza. Akasimama, akapiga hatua tatu kuelekea kwenye meza ya soda, akaenda chini, kidevu kwenye kona ya dawati, nyuzi mbili. Nilikaa na kile kidevu kichwani muda mrefu sana. Baadaye ndo nikaja kufundishwa kwamba kwa mtu wa aina hii kumwambia alegee ni kumsukuma kule kule anakoanguka. Presha yake inataka kushuka, na wewe unamwambia ashushe zaidi. Na zile pumzi ndefu ndefu mfululizo zinatoa kaboni dayoksaidi nyingi mwilini, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inabana, unaanza kusikia ganzi kwenye midomo na vidole. Tunaua kwa upendo.

Njia inayofanya kazi iliwekwa vizuri na mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, miaka ya 1980, na ni rahisi mpaka inachekesha. Kaa kwenye kiti. Kaza mapaja, matako, tumbo na mikono yote kwa pamoja, kama mtu anayejiandaa kunyanyua gunia la mahindi. Shikilia sekunde 10 mpaka 15 hadi usikie uso unapata joto, hilo joto ndo alama kwamba presha imepanda damu imefika juu. Halafu achia, ila usilegee ukawa kama mlenda, rudi tu kwenye hali ya kawaida, subiri sekunde 20 mpaka 30, kaza tena. Mara tano. Usibane pumzi wakati unakaza, hapo wengi wanakosea, hesabu kwa sauti ndogo moja mbili tatu utajikuta unapumua mwenyewe. Kichwa kikianza kuuma basi unakaza mno, punguza. Fanya hiyo seti mara tano kwa siku kwa wiki nzima, kwenye daladala, ukisubiri chai, kwenye kikao cha kanisa au msikiti, hakuna atakayejua. (Kama una presha ya kupanda, ngiri, au umefanyiwa oparesheni karibuni, muulize daktari kwanza.)

Siku ya kuchangia unafanya hivyo hivyo isipokuwa mkono mmoja, ule wenye sindano, huo uache umelegea kabisa, tutakupa kitu cha kuminya taratibu. Sehemu zilizobaki kaza. Unaanza kukaza kabla hujafungwa mpira, usisubiri masikio yavume, ukisubiri mpaka hapo umechelewa.

Lakini kukaza peke yake hakutoshi kama moyo bado unaruka ukiona tu koti jeupe. Ubongo wako siku ile ulijifunza somo baya, kwamba kile kiti ni hatari na kuondoka pale ndo usalama, na kila ukikwepa unalirudia somo. Kulifuta unapanda ngazi, hatua kwa hatua, na hauondoki kwenye hatua wakati uoga uko juu kabisa, unakaa pale unakaza misuli mpaka ushuke wenyewe, huwa unashuka, mwili hauwezi kuogopa kwa nguvu ileile nusu saa nzima. Kwako ngazi ningeipanga hivi. Kwanza angalia video ya mtu anachangia damu, mara nyingi, mpaka ikuchoshe. Halafu, kwa kuwa wewe ulianguka kwenye mpira na sio kwenye sindano, mwambie mtu wa nyumbani asiyekucheka akufunge kitambaa juu ya kiwiko kwa nusu dakika, umekaa, unakaza, anafungua. Rudia mpaka iwe kitu cha kawaida kama kufunga kamba za viatu. Halafu msindikize rafiki anayeenda kuchangia, kaa kwa mbali, siku nyingine msindikize mwingine, kaa karibu. Halafu kipimo kidogo cha damu ya kwenye mshipa, kama una sababu ya kupima kitu, kile kichupa kidogo tu. Halafu ndo kiti. Inaweza kukuchukua wiki tatu, inaweza kukuchukua miezi, sio mashindano.

Nirudi kwenye maswali yako mengine.

Sindano na spoku ya baiskeli. Natamani ningekwambia ni uongo! Spoku ya kawaida ina unene wa kama milimita 2, na sindano tunayotumia, geji 16, ina kama milimita 1.6. Kwa hiyo jamaa yako alitia chumvi kidogo tu. Ila kuna sababu ya unene huo, chembe nyekundu zikipita kwa kusukumana kwenye kitundu chembamba zinapasuka, na damu ikienda polepole inaanza kuganda kwenye mpira kabla haijafika mfukoni. Na maumivu hayaendi na unene kama watu wanavyofikiria, ncha yake imechongwa kwa mshazari mkali sana, kinachouma ni ngozi kutobolewa, sekunde moja au mbili, kisha unabaki na kahisia ka kitu kimekubana. Mimi watu wengi wananiambia kidole kiliuma zaidi, na ni kweli ncha ya kidole ina mishipa mingi ya fahamu kuliko kwenye kiwiko. Wewe kidole ulikipita fresh, umeandika mwenyewe. Na pia usiiangalie, sijui kwa nini watu wanadhani ni lazima kuangalia, geuza uso uangalie ukutani kuna tangazo la chanjo lisome.

Ganzi ipo. Kuna krimu yenye dawa mbili za ganzi, lignokaini na prilokaini, inapakwa kwenye ngozi inafunikwa na plasta kama saa nzima kabla, unaweza kuipata kwenye maduka makubwa ya dawa. Ukitaka kuitumia waambie wahudumu mapema wakuonyeshe mshipa uko wapi, maana nimeona mtu kapaka mkono wa kulia, mshipa mzuri uko kushoto. Lakini nikwambie ukweli, inaua maumivu ya ngozi na shida yako haikuwa maumivu, hujafika hata huko. Kama itakupa utulivu wa moyo paka, kama hela ni ya mawazo kula chipsi mayai.

Konyagi hapana. Pombe inatanua mishipa, inakukausha maji, inakushusha zaidi, na tukikusikia unanukia hatukuchukui, tunakurudisha. Na vidonge vya usingizi vya kuomba kwa jirani pia hapana.

Hilo la mwili kuzoea na damu kujaa nalisikia kila wiki, mpaka kwa watu wenye digrii. Hivi damu ingekuwa inajaa, wale wanawake waliokoma hedhi wangepasuka wote. Mwili una kipimo chake. Kwa kilo zako 64 una kama lita nne na nusu za damu, sisi tunachukua mililita 450, yaani sehemu moja ya kumi, pungufu hata ya chupa ya maji ya nusu lita. Yale majimaji yanarudi ndani ya siku moja mbili ukinywa vizuri. Chembe nyekundu zinachukua wiki nne mpaka nane, figo zikiona zimepungua zinatuma homoni kwenye uboho kwamba ongeza uzalishaji, zikitosha zinaacha kutuma. Hakuna pa kujaa. Na chembe yenyewe inaishi kama siku 120 inakufa inatengenezwa nyingine, uchangie usichangie. Madini ya chuma ndo yanachelewa kurudi, ndo sababu mwanaume anasubiri miezi mitatu na mwanamke miezi minne. Ukichangia mara moja ukaacha maisha yako yote hakuna kitakachokuuma kichwani, labda vikoba.

Sasa siku yenyewe, maana hapa ndo unashinda vita au unaipoteza. Usichague siku ya shamrashamra. Kila tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, siku aliyozaliwa Karl Landsteiner yule aliyegundua makundi ya damu, tunafunga spika, watu wamejaa, waandishi wana kamera, mheshimiwa anachangia, foleni ndefu jua kali. Mimi naipenda hiyo siku ila kwako ni mtego. Nenda siku ya kawaida asubuhi, kwenye kituo cha Damu Salama au benki ya damu ya hospitali, pametulia, wahudumu hawana haraka. Jana yake lala vizuri. Asubuhi kula kweli kweli, sio chai kavu na andazi moja, kula chapati maharage, kitu chenye chumvi chumvi, na ukibakiza kama robo saa mpaka nusu saa kabla ya kukaa kwenye kiti kunywa nusu lita ya maji. Hayo maji sio ya ustaarabu, yanapandisha presha kwa muda mfupi na yanapunguza kuzimia kwa kiasi cha kuonekana, ni dawa ya bei rahisi kuliko zote nilizokutajia.

Omba kulala chali, usikubali kile kiti kilichosimama. Vitanda vipo, na pasipo na kitanda kiti kinalazwa. Ongea na mtu, mpira wa Simba na Yanga ni mzuri sana kwa hili, nimeshamtoa mtu damu akiwa anabishana penati hata hakujua nimechomoa. Ule mfuko utauona unabembea kwenye kamizani kadogo, unachanganywa na dawa ya kuzuia isigande, kama kuuona kunakusumbua waambie waufunike. Dakika nane mpaka kumi umemaliza. Sindano ikitoka, bonyeza pamba mkono ukiwa umenyooka, watu wanakunja kiwiko ndo maana wanapata vilia.

Na hapa usije ukajidanganya kama nilivyojidanganya mimi kwa yule binti. Wengi hawazimii kwenye kitanda, wanazimia wakisimama, au nje kwenye foleni ya bodaboda, au chooni. Wanaume hasa chooni, umesimama unakojoa presha inashuka, unajikuta umekumbatia ndoo. Siku hiyo kaa chini kama wanawake, hakuna anayekuona. Ukimaliza kuchangia endelea kukaza miguu ukiwa bado umelala, kaa kitako kwanza dakika kadhaa miguu inaning'inia, ndo usimame, ukae tena robo saa pale kwenye meza. Usiendeshe pikipiki kurudi, usibebe mzigo kwa mkono ule, usipande juu ya bati kwa siku hiyo. Ukisikia zile dalili zako popote ulipo, hata barabarani, lala chini pale pale nyanyua miguu. Aibu ya kulala chini kwenye vumbi inapita kuliko jino lililovunjika.

Sasa tuseme ukweli mwingine. Inawezekana ufanye yote haya na bado uzimie. Ukizimia mara ya pili au ya tatu licha ya kujiandaa vizuri, mimi kama nesi nitakwambia basi, sio lazima. Damu ina thamani ila kichwa chako pia. Kuna mtu anayeleta wenzake ishirini ofisini kuchangia na yeye hajawahi kutoa hata tone, huyo kwetu ni dhahabu, na mahitaji hayaishi, mama wazazi, watoto wenye seli mundu, watoto wa malaria kipindi cha mvua, na chembe nyekundu zenyewe zinakaa kwenye friji siku 35 tu, na sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, ambazo hazikai kwenye friji, siku tano. Ila hata ukiamua hutachangia, hizo ngazi panda. Uoga huu nimeona unavyowafanya watu wakwepe kupima, wakwepe kuchomwa chanjo, mwenye kisukari akakataa insulini, mama akakwepa kliniki. Siku itafika utahitaji dripu wewe mwenyewe au mtoto wako atataka umshike mkono.

Kuna hali ambazo maandishi yangu hayatoshi, nenda ukaonane na daktari uso kwa uso kabla hujafikiria kuchangia tena: kama umewahi kuzimia bila sindano wala damu kuwepo, kwa mfano unacheza mpira, unakimbia, au umelala kitandani, kama kabla ya kuzimia moyo unaruka ovyo au kifua kinauma, kama kwenye familia kuna mtu alikufa ghafla akiwa kijana, kama unakaa bila fahamu zaidi ya dakika chache au unazinduka umejing'ata ulimi au umejikojolea. Huko watakupima moyo kwa ile mashine ya nyaya, haina sindano, usiogope. Na kama uoga ni mkubwa kiasi kwamba hata hiyo video ya kwanza huwezi kuimaliza, au umeshaacha matibabu kwa sababu yake, ulizia mwanasaikolojia au kitengo cha afya ya akili hospitali ya rufaa ya mkoa. Najua mtu akisikia afya ya akili anawaza Mirembe, sio huko, ni vikao vichache tu vya kupandishwa hizo ngazi na mtu anayejua anachofanya, na uoga huu ni kati ya ile inayotibika vizuri sana. Baada ya kuchangia pia, mkono ukivimba unaongezeka, ukisikia shoti inashuka mpaka vidoleni haiachi, au damu haikati, rudi ulikotolea, wasikwambie ni kawaida.

La mwisho ni pale mapokezi. Watu kama wewe mnanyamaza mkitegemea mtapita kimya kimya, na sisi tunakuja kujua mkiwa sakafuni. Ukifika tu, kabla ya fomu, sema hivi: "Dada, mara iliyopita nilizimia nilipofungwa mpira, naomba nilale chali, na naomba usinihimize nilegee, nina zoezi langu la kukaza." Nesi mzuri atafurahi. Akicheka, mwombe akuitie mwingine, unayo haki hiyo. Nenda na shemeji maana yeye ameshaona, aendeshe yeye mkirudi. Na soda wakikupa inywe palepale ukiwa umekaa, usiibebe.